Siku za Giza Sikuzihesabu

Walikuja watatu, Jumapili baada ya misa ya pili, wakiwa bado na mashati yao ya kanisani. Wakakaa kwenye viti vya plastiki karibu na ukuta wa jikoni, wakaniomba niwe rais wa kamati ya kabini. Nilipaswa kukataa. Nimeishi na sentensi hiyo fupi kwa miaka mingi, na sijapata njia bora ya kuianza habari hii.

Kabini ndilo jina tunaloipa transfoma huku kwetu Katuba: lile sanduku kubwa la chuma, lenye mafuta ndani, linalopokea umeme mkali kutoka kwenye nyaya kubwa na kuupunguza ili uingie majumbani. Ile ya mtaa wetu ilikuwa imeungua. Kampuni ya umeme ilituambia tungoje, na mtu wa Lubumbashi anajua maana ya kungoja kwa namna hiyo. Wakazi huchangishana, hununua kabini wenyewe, kisha huikabidhi kwa kampuni, na tangu siku hiyo si mali yao tena. Hakuna anayeshangaa. Tunachanga ili kununua kitu cha mwingine, halafu tunapiga vigelegele siku anapokuja kukichukua.

Walinijia mimi kwa sababu nilisoma sekondari ya ufundi, tawi la umeme, na nilifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika karakana ya mgodi wa shaba, mpaka siku walipotupunguza kwa mamia. Kati ya wale watatu, msemaji alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa kaskazini kama mimi; baba zetu walikuja kusini kwa treni moja. Alinitazama, akasema taratibu:

"Papa, courant njo kazi yako. Hapa mu avenue, mwingine tukimupatia makuta, atakula. Weye hautakula."

Courant ni umeme. Ndivyo tunavyouita sote, aliyesoma na asiyesoma, kama tunavyoziita fedha makuta. Sifa ile iliniingia kama maji ya moto mwilini. Tangu mgodi uniache, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitu chochote ni kazi yangu. Nikasema ndiyo kabla chai haijaletwa.

Kuna desturi ambayo hawakuitaja kwa sababu haikuhitaji kutajwa. Rais wa mchango wowote hutoa wa kwanza, tena hutoa kuliko wengine, mbele ya watu, ili asije mtu kusema kwamba anajipikia kwa kuni za wenzake. Mimi sikuwa na fedha. Fedha ndani ya nyumba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mke wangu.

Mke wangu ni mtoto wa ziwani. Alizaliwa Kilwa, ukingoni mwa Ziwa Mweru, na mdogo wake wa kike alibaki kule. Huyo mdogo alikuwa akinunua samaki mitumbwi inapofika, anawapanga katika kreti zenye barafu, anawapakia kwenye malori. Barabara ile ni mbaya, na wakati wa mvua lori linaweza kulala matopeni siku mbili. Waliofika wazima mke wangu aliwaweka kwenye friza kubwa nyeupe sebuleni kwetu, pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, akawauzia akina mama wa sokoni na mikahawa miwili ya mjini. Miaka kumi na minne alikuwa ameifanya kazi hiyo. Friza ile ilisomesha watoto wetu wakati mimi nilikuwa nakaa kivulini na kueleza jinsi mgodi ulivyoharibika.

Adui yake alikuwa ni courant kukatika. Kwa hiyo alikuwa ameingia katika likilimba, chama cha wanawake kumi wanaotoa kiasi kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua chungu chote. Yeye aliomba zamu ya mwisho, akaongezea akiba yake ya samaki, akasema wazi mbele yangu na mbele ya watoto kwamba fedha hiyo ni ya paneli za jua na betri, ili friza isimtegemee mtu. Zamu yake ilifika mwezi uleule waliponijia wale watatu.

Sikumnyang'anya. Ingekuwa afadhali kama ningemnyang'anya, maana angeweza kunikasirikia. Nilimshawishi kwa hesabu.

Nilichukua kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikachora mstari katikati. Kushoto niliandika courant, kulia niliandika jua. Sisi hatuna mita; tunalipa forfait, kiasi kilekile kila mwezi, uwe umewasha taa moja au kumi. Nikachukua ankara ya mwezi, nikaizidisha kwa miaka kumi, nikaongeza mchango wetu wa kabini. Kulia niliweka paneli, betri, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ili friza iukubali, nyaya, na ujira wa fundi. Kushoto ilitoka chini ya nusu ya kulia. Niliweka kalamu mezani kama mwalimu aliyemaliza somo.

Mke wangu alimaliza shule ya msingi tu, lakini anahesabu upesi kuliko mimi. Aliitazama karatasi kwa muda, akaweka kidole upande wa kushoto.

"Na siku zenye courant haiko," akauliza, "uliziandika fasi gani?"

Nilimjibu kwamba kabini mpya ikifika hazitakuwepo siku za namna hiyo, ndiyo maana hasa ya kununua kabini. Nikamwambia pia kwamba mtaa mzima ulikuwa umeshajua kuwa nimekubali, na kwamba ningeonekana mtu wa namna gani nikirudi nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kweli, nami niliitaja mwisho, kwa sauti ndogo. Yeye alifunga upya kitenge chake kiunoni.

"Sawa. Weye njo ulisoma."

Akaenda chumbani, akarudi na fedha imefungwa katika kilemba. Siku ile niliisikia sentensi hiyo kama heshima.

Kabini ilifika juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Akina mama walipiga vigelegele, mbuzi akachinjwa, mkuu wa mtaa akahutubu, nami nikahutubu kumzidi. Tangu siku hiyo niliitwa Papa Président, na sitasema uongo kwamba sikulipenda jina hilo. Kwa miezi miwili taa zetu ziliwaka bila kupepesa. Friza iliunguruma mchana kutwa. Mke wangu alimtumia mdogo wake ujumbe kwamba aongeze kreti mara mbili. Aliongeza kwa kuliamini neno langu.

Halafu zikaja resho.

Resho ni jiko dogo la umeme, sahani ya udongo yenye waya unaowaka mwekundu. Mahali ambapo umeme unalipiwa kwa mita, mtu huizima resho chakula kinapoiva. Kwetu, kwa kuwa ankara ni ileile, hakuna anayezima. Katika nyumba moja yenye wapangaji sita zilikuwepo resho sita, na juu ya kila moja maharage yaliyoanza kuchemka asubuhi na kuendelea kuchemka hata baada ya kuliwa. Wengine walichemsha maji ya kuoga ya ukoo mzima. Kisha watu wa mtaa wa pili wakaanza kuja kuomba waunganishwe. Mmoja alikuja na jogoo mikononi, akanikumbusha kwamba baba yake na wangu walitandika reli moja. Rais hamkatalii ndugu mwenye jogoo. Kampuni ilihitaji saini ya kamati, nikatia saini. Wiki iliyofuata nikatia nyingine.

Hapo najilaumu kama fundi, mbali na kujilaumu kama mume. Nilijua kabini ile inaweza kubeba nini. Namba ilikuwa imeandikwa kwenye ubavu wake, nami ndiye niliyewasomea watu siku ya sherehe. Niliwaunganisha hata hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila aliyeunganishwa alinishika mkono kwa mikono miwili.

Na hata ningewakataa wote, lilikuwepo jambo jingine. Umeme wenyewe ulianza kuja kwa zamu. Migodi inakula sana, mabwawa yako mbali, na mitaa kama yetu hupewa kinachobaki. Ukaja siku moja kati ya mbili, kisha siku moja kati ya nne. Ndoo mpya haileti maji kisimani; hilo ningeweza kulijua kabla ya kuchukua kalamu.

Alasiri moja ya mvua kabini ililia mara moja tu, mlio mzito kama mlango wa kanisa unaofungwa na upepo, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikaenea hadi barabara kubwa. Friza ya mke wangu ilikuwa imejaa hadi juu, samaki wa kreti mbili mbili. Tuliifunika kwa mablanketi, tukakataza mtu yeyote asiifungue. Siku ya tatu maji yalianza kutoka chini yake na kutambaa sebuleni. Tuliwasha mbabula zote, majiko yetu ya makala, yaani makaa, na nyingine tatu za kuazima, tukakausha tulichoweza. Wengine tukawagawia majirani. Siku ya sita waliobaki hawakuweza tena kukaa ndani ya nyumba pamoja na watu.

Nilichimba shimo nyuma ya choo, kwenye udongo mwekundu uliolowa, huku mke wangu akivuta makarai ya samaki moja moja. Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, alichungulia juu ya ukuta.

"Papa Président, munapanda nini pale?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Anapanda samaki. Mungojee, itaota."

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuchekesha. Mke wangu hakucheka. Aliendelea kumimina.

Mdogo wake alingoja mwezi mmoja, kisha akaanza kupeleka samaki kwa mwanamke wa mjini katikati, mwenye jenereta kubwa. Hakukosea. Samaki hamngoji ndugu. Mimi nilinunua jenereta ndogo ya mkono wa pili ili kurudisha heshima yangu. Ikapiga kelele miezi mitatu na kunywa petroli yenye bei kubwa kuliko samaki waliokuwa ndani ya friza, nikaiuza. Friza ikawa kabati. Tuliwekamo unga.

Mke wangu akageukia kisense, wale dagaa wadogo wa ziwa lilelile, wanaofika wamekaushwa kwa jua na hawahitaji chochote isipokuwa gunia kavu. Alikaa sokoni akiwapima kwa mkebe. Faida yake ilikuwa ndogo, na mikahawa ya mjini haili kisense. Wala hakunilaumu. Watu hudhani kulaumiwa ndilo jambo baya. Yeye alinisalimu kila asubuhi, alinipikia bukari, ugali wetu, alinicheka nilipopata mafua na kulala kama mtu anayekufa. Aliacha jambo moja tu: kuniuliza.

Zamani alikuwa akiniuliza kila kitu, hata rangi ya kitenge. Sasa chumba cha watoto kilipakwa chokaa, nikakiona kimepakwa. Kitinda mimba wetu aliandikishwa shule ya uuguzi, nikasikia kwa mkuu wa shule nilipokutana naye kanisani. Cherehani iliuzwa. Nilikuwa nikiambiwa mambo, kwa adabu, yakiwa yameshaisha. Kabini ilitengenezwa na kampuni baada ya miezi, ikaungua tena, ikatengenezwa, na ankara ya forfait haikukosa kufika hata mwezi mmoja. Jina la Papa Président likabaki, ila sasa watu walilitamka wakitabasamu.

Hivyo ilipita miaka tisa.

Siku moja nilirudi kutoka mjini, kwenye foleni ya pensheni, nikakuta juu ya paa letu kipande cheusi chenye ukubwa wa sinia. Waya ulishuka kutoka pale, ukapita dirishani, ukafika mezani, na mezani kulikuwa na simu tisa za majirani zikichajiwa, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe. Taa tatu ndogo zilining'inia darini. Mke wangu alikuwa amenunua vitu hivyo kimoja kimoja, kwa fedha ya kisense, katika duka la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kasai, kule mjini. Alikuwa ameketi pale na mkebe wake wa sarafu, mtulivu, kama mtu aliyekuwa na meza hiyo tangu zamani.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kutafuta kosa. Ndivyo nilivyo. Nikapata mawili: waya ulikuwa mwembamba mno kwa urefu ule, na maungio yalikuwa yamefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nikasema waya huu hautafaa, utapoteza nguvu njiani.

"Basi funga ile yenye kuwa munene," akasema.

Ilikuwa kazi ya kwanza aliyonipa katika miaka tisa. Nilitoka kwenda kununua waya kabla hajabadili mawazo.

Yule mwenye duka alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye miwani, watoto wake wote wamesoma. Nilianza kumweleza kwamba mimi ni fundi wa mgodi, nimefunga mota kubwa kuliko duka lake. Aliniacha nimalize. Kisha akanionyesha betri moja iliyovimba ubavu, akaniuliza kama najua kwa nini ilikufa kabla ya kumaliza mwaka. Sikujua. Akanieleza kwamba mwenye betri ile alikuwa akiinyonya mpaka tone la mwisho kila siku, tena aliiweka kando ya mbabula. Betri haitaki kumalizwa, wala haitaki joto. Uitumie nusu, uiache ipumzike. Nilirudi kwake mara nyingi. Nilikuwa na miaka zaidi ya sabini, na nilikuwa naandika aliyoniambia katika daftari la shule lenye picha ya twiga.

Nikajifunza pia mambo ambayo yeye hakuyajua, kwa kuwa yeye hapandi paa. Kiangazi chetu ni cha vumbi jekundu, na paneli isiyofutwa kwa wiki mbili hushiba vumbi badala ya jua. Kila asubuhi, kabla mabati hayajapata moto, nilipanda ngazi na kitambaa chenye maji. Nilitengeneza kizimba cha nondo kuizunguka paneli, kwa sababu wezi nao wanapenda jua. Fedha ya simu ilinunua paneli ya pili. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa ni muuguzi, alitoa mshahara wake wa miezi kadhaa kwa ajili ya betri mbili za maana na kile kisanduku cha kugeuza umeme. Siku tulipotoa unga ndani ya friza na kuiwasha, ilitetemeka, ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuunguruma. Mke wangu aliweka kiganja juu ya mfuniko wake na kukiacha pale.

Ilikuwa ni wakati huo alipofungua sanduku lake la nguo kutafuta kitambaa cha kuipangusia, na chini kabisa, ikiwa imetandikwa ili nguo zisiguse mbao, nikaiona kalenda ya parokia. Mstari wangu ulikuwepo. Hesabu yangu ilikuwepo, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na shaka. Nilimwomba anipe. Akanipa.

Nilikaa mezani siku mbili. Kwanza nilitaka kujua siku za giza ziliingia wapi, kwa hiyo nilizianzishia safu yake upande wa kushoto. Nilimwomba mke wangu anitajie, na yeye alikuwa anakumbuka kila kitu bila daftari: makala ya mbabula, mishumaa, pazia lililoungua kwa mshumaa, petroli ya jenereta, fedha tulizolipa kwa watu ili watuchajie simu kabla hatujaanza kuchaji za watu. Kisha samaki. Alitaja kreti kwa kreti, na hata aina ya samaki: makobo ngapi, wale waitwao pale ngapi. Safu ya kushoto ikashuka hadi ikagonga ukingo wa karatasi, nikaipinda kalenda na kuendelea upande wa picha.

Lakini sikutaka kudanganya mara ya pili kwa kuelekea upande mwingine, kama mlevi aliyeacha pombe na kuwatukana wanywaji. Kulia nako nilikuwa nimeacha mambo. Betri hufa, hata ukiitunza kama mtoto, baada ya miaka michache utanunua nyingine, na hiyo lazima iandikwe. Kuna wiki za Januari ambapo mawingu hayaondoki na friza hupewa jua la nusu siku. Na paneli zetu haziwezi kupika bukari, wala kupiga pasi. Kwa hayo, courant ikija, hakuna kinachoishinda kwa bei. Basi jibu langu la sasa ni hili: taa, simu na friza tuviweke juani, pasi na sufuria ya maharage tuviachie courant siku inayokuja, na makala siku isiyokuja. Mwanzoni nilikuwa nimelinganisha bei na bei. Ankara ya umeme ni ndogo kweli. Ila mimi nilikuwa nanunua ankara. Umeme wenyewe sikuwa naupata.

Mwaka uliopita kabini ilikufa tena, safari hii kabisa. Walikuja wanne, wawili wao wanawake, wakakaa kwenye viti vilevile vya plastiki, au watoto wa viti hivyo. Yule mstaafu wa reli alikuwepo, sasa akitembelea fimbo. Wakaniomba niwe rais. Mke wangu alikuwa hatua tatu kutoka pale, akipepeta kisense.

Niliingia ndani nikaleta kalenda. Niliwaonyesha pande zote mbili, nikawaeleza namba ya ubavuni mwa kabini na saini nilizotia nikijua, na jogoo. Kisha nikawaambia, na nilihakikisha sauti yangu inafika kwenye ungo wa mke wangu:

"Mara ya kwanza nilisema ndiyo kabla ya kuuliza mwenye makuta. Makuta ilikuwa ya huyu mama. Leo ninakataa."

Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Mstaafu wa reli alisema, "Ah, Président amekimbia serikali, amekuwa katekista wa jua," na wote wakacheka, nami nikacheka. Mmoja wa wale wanawake, fundi wa nguo, hakucheka sana. Aliuliza kama nasema waiache kabini. Nikamjibu hapana. Nikasema kila nyumba itoe kwa kabini kiasi ambacho haitakililia siku kabini ikiungua, na mtu asiruhusiwe kuongeza nyumba kuliko namba ya ubavuni, hata akija na ng'ombe. Na kile ambacho nyumba haiwezi kukikosa hata siku moja, wasikitundike kwenye waya wa watu wote. Akauliza watu wapate wapi fedha ya paneli. Hapo mke wangu akajibu kutoka kwenye ungo wake, neno moja tu: likilimba.

Ndivyo walivyofanya. Wanawake kumi, na kila mwezi paa moja. Cherehani ya yule fundi wa nguo sasa ina taa yake na pasi ya makala imebaki kwa siku ambazo courant haiji. Mimi hukagua nyaya zao bila malipo. Wananipa chai, na wengine wananipa matusi ya upendo ninapokuta betri kando ya mbabula. Nikiwa juu ya ngazi asubuhi naziona paneli zao, nyingine bado zinang'aa upya, nyingine tayari nyekundu kwa vumbi, nami huwapigia kelele kutoka juu kwamba wapanguse.

Samaki wamerudi. Mdogo wa mke wangu amezeeka, lakini binti yake ndiye anayepakia kreti, na binti yetu ndiye anayezipokea anapotoka zamu hospitalini. Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye ngazi na kitambaa changu wakati mke wangu aliposimama chini, mkono mmoja kiunoni, akiangalia juu na kufumba jicho moja kwa sababu ya mwanga.

"Papa," akasema, "mutoto anataka friza ya pili. Weye unaona je?"

Sikujibu upesi. Nilishuka kwanza. Nikamuuliza kreti ngapi zinafika kwa mwezi, na ngapi zililala Januari, na yeye akanipa hesabu zote. Nikasema tungoje mvua zipite, tununue betri kabla ya friza. Akatikisa kichwa kukubali. Alisema hata yeye aliwaza vile, akarudi ndani.

Kalenda ile bado iko mezani, na mahali padogo pamebaki kwenye ukingo, kwa hiyo namaliza hesabu. Kukubali kwangu Jumapili ile kulimgharimu mke wangu kazi aliyoijenga kwa miaka kumi na minne. Friza inaunguruma tena, lakini samaki ni wa binti yetu. Magoti ya mama yake yamechoka, hawezi tena kubeba kreti, wala kusafiri juu ya lori kwenda Kilwa kumwona mdogo wake kama alivyokuwa akifanya kila mwaka. Mimi kulinigharimu miaka tisa ya kuishi na mke wangu ndani ya nyumba moja bila yeye kuniuliza neno.